Mpima na Vivuli Vyake

Mtaani kwetu Kitaji, hapa Musoma, tulimwita Mpima, na tukilitaja jina hilo tulishusha sauti kidogo. Alikuwa mstaafu wa idara ya ardhi, mtu wa upande wa Butiama, na alipanga chumba kwa Fundi Shabani, mshona nguo ambaye kiwanja chake na changu vinatenganishwa na kichochoro. Upande wangu wa kichochoro hicho liko jiko ninalopikia chapati na chai ya asubuhi. Jiko lile limenisomeshea binti yangu Bhoke mpaka akawa mwalimu, na tangu marehemu mume wangu aondoke ndilo linaloniweka mjini. Sasa mtu wa ardhi anahamia upande wa pili, kwenye nyumba ya jirani ambaye hatujawahi kukubaliana naye mpaka unapita wapi. Ungekuwa wewe ungelala? Mimi nilianza kumchungulia tangu siku aliposhusha godoro lake.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akizisifia sana chapati zangu najua anatafuta ya bure. Lakini safari hii sikuwa peke yangu. Mtaa mzima ulimshuku Mpima, na sababu ilikuwa ile kazi yake ya barazani.

Kila asubuhi alitoka na ubao, akauweka magotini, akatandika juu yake karatasi iliyokuwa kalenda ya mwaka uliopita, upande wa nyuma. Alikuwa na rula, penseli aliyoichonga kwa wembe, na kipande cha kandambili cha kufutia. Alichora miraba, mingi, iliyopangika. Kisha akakoleza baadhi ya mistari ikawa minene, na ukitazama uliona kabisa kwamba ile mistari minene ni kuta, na katikati ya kuta kuna vichochoro vinavyopinda na kufungana. Halafu ndiyo inakuja ile sehemu iliyotutoa jasho. Aliinua kichwa, akaitazama nyumba ya mtu. Akaitazama mpaka mwenye nyumba akaanza kujikuna. Kisha akainama na kukipaka kivuli kisanduku kimoja.

Sisi ni watu tulioona nyumba za wenzetu zikipigwa alama nyekundu ukutani, na tunajua kilichofuata. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa anajua siku gani nyumba yake ilitazamwa. Yule mama muuza mkaa wa kona ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa kuvumilia. Akavuka njia, mikono imejaa mkaa, akamsimamia kichwani.

"Mzee, hapo umenipaka mimi?"

"Nimepaka kisanduku."

"Kisanduku cha nani?"

"Cha namba shufwa," Mpima akajibu.

Mama wa mkaa akarudi kwake akamwambia mumewe kwamba nyumba yao imewekwa kwenye shufwa. Mumewe akauliza kama wa shufwa ndio wanaolipwa fidia au ndio wanaoondoka bure. Jioni mtaa mzima ulikuwa unauliza hivyo.

Jiko langu ndilo lililotazamwa kuliko nyumba zote, maana lilikuwa mbele ya macho yake moja kwa moja. Nilikuwa nikisukuma chapati naona ananitazama, nikiinua kichwa anapaka. Kuna siku nilitundika kanga mlangoni ili asione ndani. Akahamisha kiti.

Mwisho mwenyekiti wa mtaa alimwita pamoja na karatasi zake, tukajaa ofisini mpaka dirishani. Mpima alieleza bila kukasirika. Alisema hiyo ni sudoku, mchezo wa namba, na kwamba yeye na rafiki yake mmoja wa Bunda, bwana mifugo mstaafu, hutungiana. Kosa lake lilikuwa kusema kweli. Angesema anachora banda la kuku tungemwachia. Lakini mzee wa mvi, aliyefanya kazi serikalini, anakaa kutwa barazani anacheza? Nani angelikubali hilo? Mwenyekiti akachukua penseli ajaribu, nasi tukasogea tuone. Akaandika saba. Mpima akainama kuitazama ile saba, akamuuliza taratibu.

"Hiyo una hakika nayo, au unaitaka tu?"

Mwenyekiti akarudisha penseli, akatuambia twende nyumbani, suala linafanyiwa kazi. Tulitoka pale tukiwa na wasiwasi kuliko tulivyoingia.

Mimi nikaona mambo ya ofisini hayatanisaidia. Nikakaanga dagaa na nyanya, nikatia kwenye bakuli, nikavuka kichochoro. Hata sijakaa vizuri Mpima akasema, "Umekuja kuona ramani."

"Nimekuletea dagaa."

"Dagaa nimewaona. Kaa basi uone na ramani."

Nikakaa. Akanieleza kwa subira, kama anayemweleza mtu wa kawaida na si mpelelezi. Namba ni moja mpaka tisa. Mstari wa kulala namba isijirudie, wa kusimama isijirudie, na kwenye kila mraba mkubwa isijirudie. Mpaka hapo ni sudoku ya watu wote, hata Bhoke anayo kwenye simu. Yao ilikuwa na mengine mawili. Ndani ya kuta kuna njia moja tu inayotoka mlango wa juu kushoto mpaka mlango wa chini kulia, na ukiifuata, namba zinapokezana: shufwa, witiri, shufwa, witiri. Na vile vivuli ni vyumba vya namba shufwa peke yake, na njia hairuhusiwi kukanyaga kivuli. Kwa hiyo unatafuta namba na unatafuta njia kwa wakati mmoja, na moja inakuambia habari ya nyingine.

"Na kwa nini ukitaka kupaka unatazama jiko langu?"

"Ninatazamaga mbali nikifikiri," akasema. "Mbali yangu iko kwako."

Sikumwamini. Lakini akanionyesha kona moja, kivuli cha visanduku vinne vilivyobanana ndani ya mraba mmoja mkubwa, akaniuliza vinakaa namba gani. Nikafikiri. Namba shufwa zenyewe ziko nne tu: mbili, nne, sita, nane. Basi zote zimo humo, na visanduku vingine vyote vya mraba ule ni witiri. Niliona kitu kinafunguka kichwani, nikaogopa kidogo, kwa sababu kilikuwa kitamu. Kesho yake nikarudi. Bhoke akinipigia simu kutoka Bunda anakofundisha, nilimwambia nakwenda kupeleleza.

Nikaendelea kupeleleza kwa miaka.

Katika miaka hiyo niligundua kwamba Mpima mwenyewe ni mshuku mkubwa kuliko sisi sote. Hakuna namba aliyoipokea kwa urafiki. Alianzia kwenye vichochoro vilivyofungwa mwisho, akavitia nukta ndogondogo kuonyesha kwamba njia haipiti humo, na kila nukta alirudi kuihoji kama aliiweka kwa haki. Nikisema hapa ni tano, aliniuliza nani kasema. Nikisema naona tu ni tano, aliifuta tano yangu na kandambili yake, hata kama ilikuwa sahihi. Hilo liliniudhi sana. Siku moja nilimwambia kwamba tano ile ilikuwa palepale hata mwisho wa fumbo. Akasema ndiyo, lakini mimi sikuwa na haki nayo wakati ule. Nilibeba bakuli langu nikaondoka, dagaa wamebaki nusu.

"Una hakika, au unataka tu?" Swali hilo alimuuliza kila mtu. Alimuuliza muuza dawa aliyempa vidonge vya mgongo. Alimuuliza katekista aliyetangaza kwamba misa ya Jumapili itawahi kwisha. Sokoni Mwigobero walimjua wote. Akinunua dagaa aliligeuza sado, lile kopo la kupimia, akaligonga chini kuona kama halijabonyezwa ndani, kisha akaligeuza tena, akapitisha kidole pembeni.

"Mzee, kila siku unanikaguaga mimi tu," muuza dagaa mmoja alimwambia. "Mwenzangu humwoni?"

"Mwenzako nimeshamkagua."

"Sado langu ni lilelile la juzi."

"Mimi ndiyo sijui kama ni lilelile," akasema, na akaendelea kupitisha kidole.

Nilisimama pembeni nikicheka, na papo hapo nikajiuliza: mtu asiyeamini sado, kweli atakuwa amekaa upande wa pili wa kichochoro changu kwa bahati tu?

Maana yako mambo mengine ambayo hata leo siwezi kuyapanga. Mtu huyu aliyeweza kukutolea njia kwenye karatasi iliyojaa kuta hakuweza kutoka Kitaji mpaka Mwigobero bila kupotea. Nawaambia alikuwa mpima ardhi. Tukienda pamoja sokoni, angeingia kichochoro kisicho chetu, angezunguka nyuma ya vyoo vya watu, angetokea uani kwa mtu anayeogesha mtoto, kisha angeniuliza, "Mama Bhoke, hapa tumeingilia wapi?" Safari ambayo miguu yangu inaijua hata nikifumba macho, kwake ilituchukua asubuhi nzima. Tulizungumza njia nzima, hilo nalikubali, na mazungumzo yake yalikuwa mazuri. Lakini nilikuwa nasema moyoni, huyu hapotei, huyu anapita nyuma ya nyumba za watu makusudi anaangalia mipaka.

Halafu mlango wake. Mtu aliyekagua kila kitu hakuwahi kufunga chumba chake kwa kufuli, hata akisafiri. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtaa mzima mnanishukuga," akasema. "Nani ataingia?"

Na zile safari za Bunda. Kila mwezi alivaa koti, akatia bahasha kwapani, akapanda gari. Mama wa mkaa ana dada yake anayeuza nyanya karibu na stendi ya Bunda, na huyo dada alitupa taarifa kamili: wanakutana wazee wawili, wanapeana bahasha, hawaulizani hata habari za nyumbani, kila mmoja anageuka anaondoka. Kama hiyo si biashara ya viwanja ni nini? Nilipomuuliza Mpima aliniambia ukweli ambao ulikuwa wa ajabu kuliko biashara ya viwanja. Yeye na bwana mifugo hawakusalimiana kwa sababu walikuwa kwenye mashindano. Kila mmoja alikuwa anatafuta kumnasa mwenzake, na mwenye fumbo lisilotatuliwa hakutaka kuonyesha uso wake usije ukatoa siri.

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli. Bwana mifugo alimletea fumbo, akalitatua vizuri, kisha, kwa kuwa ni yeye, akalishuku jibu lake mwenyewe. Akaanza upya kwa njia nyingine. Akafika mwisho na jibu tofauti, nalo sahihi. Njia mbili, zote zinapokezana, hakuna inayokanyaga kivuli. Nilimkuta amekaa, chai imepoa na utando juu.

"Lina majibu mawili," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Si ni vizuri? Umepata mawili."

"Sijapata hata moja. Hili halitatuliki. Limeharibikia kwa mtunzi." Akavaa koti siku ileile akaenda Bunda, na nasikia pale stendi siku hiyo walizungumza, tena kwa sauti, mpaka watu wakasimama.

Lakini kilichonikaa rohoni kuliko vyote ni kile cha kichochoroni. Nilikuwa natoka kumwaga majivu, nikawakuta Mpima na Fundi Shabani wamechuchumaa katikati ya kichochoro, futi ya kushonea imenyooshwa baina yao. Wote wawili wakaniangalia. Nikauliza kuna nini.

"Nampima suruali, dada," akasema Fundi Shabani. "Ndani kuna giza."

"Suruali inapimwa mmechuchumaa?"

"Futi ilianguka."

Suruali ilitoka kweli, ya kijivu, na aliivaa kanisani. Nikaichunguza ilivyokaa, nikaona imemkaa vizuri. Hata hivyo nilibaki na neno langu.

Baadaye macho yakaanza kumwacha. Mtoto wa jicho, walisema, na yeye akasema hospitali ataenda akishakuwa na hakika na daktari. Alianza kuchora miraba mikubwa zaidi, kisha akawa ananiomba nimsomee. Mwisho mpwa wake wa kike akaja kutoka Butiama akamchukua na godoro lake. Tuliagana kwa haraka, gari linasubiri. Na siku chache tu baada ya kuondoka kwake, wapima wakaingia Kitaji.

Unaona mambo hayo. Miaka yote mtu yupo, wapima hawaji. Kaondoka, wamefika. Mtaa haukuhitaji ushahidi mwingine.

Wapima wenyewe walikuwa vijana wenye adabu. Walitueleza kwamba wao hawagawi mipaka. Majirani wanakubaliana mpaka uko wapi, wao wanapima na kuweka alama, kisha mtu anafuatilia hati yake. Wasiokubaliana wanarukwa mpaka watakapopatana. Walipofika kwenye kichochoro chetu, Fundi Shabani akasema mpaka ni jiwe la zamani ambalo sasa, kwa maelezo yake, liko chini ya sakafu ya jiko langu. Nusu ya jiko, pamoja na mafiga, ilikuwa kwake. Mimi nikasema mpaka ni minyaa ya ua iliyokuwa imepandwa upande wake wa kichochoro, ambayo aliing'oa alipojenga choo. Marehemu mume wangu alinionyesha minyaa ile kwa mkono wake. Vijana wakatutazama, wakaturuka, wakasema watapita tena wakimaliza mtaa wa pili.

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kigoda, mbele ya moto. Bila jiko lile mimi nina nyumba tu, na nyumba hailiwi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Mpima alipata kuniambia, tukiwa kwenye sudoku, kwamba zamani aliona jiwe chini ya ile minyaa kabla haijang'olewa. Jiwe na minyaa mahali pamoja. Neno hilo moja, kutoka kwa mtu wa ardhi, lingemaliza kesi. Isipokuwa kama alikuwa ameshampa Fundi Shabani neno jingine.

"Mama, nenda ukamuulize," Bhoke akaniambia kwenye simu. "Unamshukuga mtu ambaye umekula naye miaka yote?"

Nikakaanga dagaa, nikafunga na chapati, nikaenda Butiama.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya mpwa wake, mgongo kwenye ukuta wa zizi, kofia imeshuka machoni. Alikuwa amepungua. Ile suruali ya kijivu ilikuwa imefungwa na kamba kiunoni, na kuiona hivyo kuliniuma. Kabla sijasema hodi aliinua pua.

"Hizo chapati ni za Kitaji."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Bhoke. Umekuja kunisalimia, au umekuja kuniuliza?"

Nikamwekea chapati mkononi. Kisha nikasema vyote viwili.

"Basi tuanze na kazi," akasema, akatoa karatasi chini ya kiti. Bwana mifugo alikuwa ameituma kwa dereva wa gari. Nikasoma visanduku, ukuta kwa ukuta, kivuli kwa kivuli, naye akavipanga kichwani, vidole vinacheza gotini. Mara tatu alinisimamisha akaniambia nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Alikuwa ananikagua kama lile sado. Tuliendelea mpaka ng'ombe wakarudi kutoka majini na kupita nyuma yetu, naye akajibana ukutani, maana mtu huyu wa kuzaliwa zizini aliogopa ng'ombe. Nikaona ni wakati.

"Mzee, lile jiwe chini ya minyaa."

"Niliona jiwe."

Nikatoa simu ili nimrekodi. "Sema hivyo tena, useme lilikuwa la mpaka."

"Niliona jiwe," akarudia. "La mpaka sikusema. Musoma mawe yako kila mahali. Sikulichimba nione kama lilipandwa na mtu au lilikuwaga palepale tangu zamani."

"Lakini unaweza kusema ni la mpaka. Wewe watakusikiliza."

"Naweza. Mdomo ninao."

"Sasa si useme? Wakipita tena bila hilo, jiko langu limekwenda."

Akageuza uso upande niliko, ingawa nadhani aliona kivuli tu. "Mama Bhoke. Wewe ulimwona mumeo anapanda ile minyaa kwenye mpaka? Una hakika, au unataka tu?"

Nilikasirika sana. Nilitaka kumwambia kwamba nimemlisha miaka, kwamba nimebeba karatasi zake, nimemsomea macho yalipomwacha. Lakini swali lilikuwa limeshaingia. Mimi niliolewa nikaikuta ile minyaa imeshapita kiuno. Mume wangu aliniambia ni mpaka, naye pengine aliambiwa. Sikuona mtu akipanda kitu.

"Nataka," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, hakufurahi. "Fumbo lako lina majibu mawili. Jiwe la Shabani likikaa, hakuna kinachovunjika. Minyaa yako ikikaa, hakuna kinachovunjika. La namna hiyo halitatuliki na mtu yeyote, hata mimi. Mnakaa wawili mnachagua."

"Sisi tulijua unamfanyia kazi Shabani," nikamwambia. Liliponyoka, nikaliacha liende.

"Najua. Na Shabani alijua nakufanyia wewe. Kila siku uko barazani kwangu na bakuli. Aliniita siku ile na futi kichochoroni, anataka nimwambie mpaka uko wapi. Nikamuuliza kama ninavyokuuliza wewe. Akaamua anipime suruali."

Nilicheka bila kupenda. Kisha nikalia kidogo, nikajifuta na kanga. Mtu amekataa kunisemea neno moja, na neno hilo lingekuwa rahisi kwake kama kumeza mate. Basi hata Shabani naye hakumsemea. Hakumsemea mtu yeyote, miaka yote ile. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda, vyote kwa mpigo.

Jiko liliishaje? Nilirudi nikamwita Fundi Shabani, nikamwekea chai. Nilimwambia sina hakika na minyaa. Alikaa akizungusha kikombe, kisha akasema na yeye lile jiwe aliambiwa tu na aliyemuuzia. Tukakubaliana katikati ya yale mawili tuliyokuwa tukiyadai. Nimepoteza ukuta wa upande wa kichochoro na rafu ya vyombo, na sasa nikigeuka na sufuria kiwiko kinagonga tofali. Lakini mafiga yako palepale, na asubuhi chapati zinatoka. Mama wa mkaa anasema tuliingia mkataba wa siri, Mpima akiwa shahidi.

Ila siku ile Butiama bado sikujua kama itaisha hivyo. Niliaga, na Mpima akasimama akachukua fimbo, akasema lazima anisindikize mpaka kwenye gari. Mpwa wake akamwambia apumzike, akakataa. Akaweka mkono begani kwangu, tukatoka. Nilipokuja nilikuwa nimeishika njia vizuri: ukifika penye njia panda, stendi iko kushoto. Gari lilikuwa linapiga honi kabisa, watu wanaitana. Mpima akanivuta kulia, kwenye njia ndefu inayopita katikati ya mashamba ya mtama, akaanza kuniuliza habari za Kitaji, nani kahama, nani kaoa, muuza dagaa wa sado yupo.

Nikakumbuka zile asubuhi zote za Mwigobero.

"Mzee," nikasema, "huku una hakika, au unataka tu?"

Hakupunguza mwendo.

"Nataka," akasema.

Nyuma yetu gari likapiga honi ya mwisho likaondoka, nami nikaendelea kumfuata.